Usiku wa Jumapili

Kila siku saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishalia, wasichana kumi na wawili wa timu ya mpira wa pete walikimbilia uwanja wa mchanga nyuma ya madarasa ya shule yao, huko Boko. Mabegi yaliwekwa mstari mmoja kando ya ukuta, viatu vya shule vikavuliwa, na Tupokigwe akawa wa kwanza kuushika mpira, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mfungaji wao. Kabla ya mazoezi, nahodha wao Nawal alisimama katikati ya duara, akaweka mikono kiunoni na kuuliza kwa sauti kubwa, "Tupo?"

Wote waliitika, "Tupo."

Mwito huo ulianza kama utani. Jina la Tupokigwe ni la Kinyakyusa, na baba yake alimweleza kwamba maana yake ni "tumeokolewa". Lakini lilikuwa refu kwa watoto wa Boko, wakalikata likawa Tupo. Tangu darasa la kwanza, mwalimu akiliita katika mahudhurio, kuna mtu wa nyuma angedakia, "Tupo mwalimu, ila Isack ndiye hayupo." Tupokigwe alinuna mwaka mzima. Baadaye timu ikalichukua jina lile ikalifanya wito wake, naye akaacha kununa.

Jumatatu moja, Mwalimu Gladness, aliyekuwa akiwafundisha mchezo, aliwakusanya na kuwapa habari waliyoingoja tangu Januari. Timu yao imechaguliwa kwenda kwenye mashindano ya wilaya. Wao watacheza katika kundi la wadogo, yaani waliozaliwa kuanzia tarehe mosi Januari mwaka 2012. Aliyezaliwa kabla ya hapo, hata kwa siku moja, ni wa kundi la wakubwa. Kila mmoja alete cheti cha kuzaliwa, na mwisho wa kuandikishwa ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Mwalimu hakufanya mzaha. Aliwakumbusha timu moja ya jirani iliyorudisha kombe mwaka uliopita kwa sababu ya msichana mmoja aliyepunguziwa umri.

Tupokigwe hakuwa na wasiwasi wa umri. Yeye alikuwa mtoto wa mwaka mpya. Kadi yake ya kliniki ilisema tarehe 1 Januari 2012, na cheti cha ubatizo kilisema hivyo hivyo. Kila mwaka mpya, baada ya ibada, baba yake alimpikia pilau mwenyewe, ikiwa imeungua kidogo chini, wakala wawili. Kilichokosekana ni cheti cha kuzaliwa, ambacho hakikuwahi kuombwa.

Baba yake, Mzee Ansbert, alikuwa fundi seremala mwenye kibanda cha kutengeneza milango kando ya barabara. Siku iliyofuata alifunga kibanda, akaenda kuulizia. Karani akamweleza kwamba kwa kuwa mtoto alizaliwa nyumbani, ilihitajika barua ya mtu aliyemzalisha mama. Mzee Ansbert alirudi nyumbani. Mtu huyo alikuwa Bibi Bahiya, bibi yake Nawal, mkunga aliyerithi kazi kwa mama yake. Nyumba yake haikuwa mbali, lakini Mzee Ansbert alimwambia binti yake aende na mwenzake, yeye ana mlango wa watu wa kumalizia. Tupokigwe alielewa. Mama yake, Demetria, alifariki wiki ile ile aliyomzaa, na baba yake hakuwahi kuizungumzia wiki hiyo.

Basi Jumatano jioni Tupokigwe na Nawal walimkuta Bibi Bahiya barazani, ungo magotini, akichambua mchele. Tupokigwe akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, kisha akamshika kidevu na kumgeuzia uso kwenye mwanga.

"Macho ni ya Demetria haya," alisema. "Kaa hapa, mwanangu. Nawal, lete kalamu. Mie maneno ninayo, macho ndiyo yaliyoniishia."

Lakini bibi hakuanza na barua. Alianza na Boko ya zamani. Alisimulia kwamba siku hizo barabara yao ilikuwa njia ya miguu kati ya mikorosho, umeme unaishia kule kwenye lami, na majirani wanaazimana chumvi kwa kuitana tu uani. Mwezi ule mvua zilikuwa zimekata njia, hakuna gari lililoweza kuingia, na Ansbert alikuwa amesafiri kwenda Tukuyu kumzika mama yake. Demetria alishikwa na uchungu mchana, yuko peke yake. Jirani mmoja akaja mbio kumwita bibi.

"Hakulia," bibi alisema. "Aliimba nyimbo zenu za kanisani, polepole, moja baada ya nyingine. Ikapigwa adhana ya magharibi, nikaswali palepale pembeni ya kitanda. Nilipokunja mkeka tu, wewe ukatoka. Andika, Nawal. Alizaliwa usiku wa Jumapili."

Nawal akaandika. Bibi aliendelea kuchambua mchele, akitabasamu peke yake.

"Basi tukakaa naye mimi na mama yako, taa ya chemli ikiwaka. Usiku ulipokuwa umekwenda sana tukasikia kelele Boko nzima, watu wanagonga masufuria na mabati, mwaka umeingia. Wewe ulikuwa umeshanyonya mara mbili. Mama yako akacheka mpaka akashika tumbo. Akakuambia, 'Unasikia? Wanakukaribisha wewe.'"

Tupokigwe hakuwahi kuambiwa kwamba mama yake alicheka. Alilishika neno hilo kifuani kama mtu aliyeshika kikombe kilichojaa, asitake limwagike. Ndipo alipoona kalamu ya Nawal imesimama.

"Bibi," Nawal aliuliza, "huo usiku wa Jumapili si ndiyo Jumamosi usiku?"

"Ndiyo hiyo. Jua likizama Jumamosi, Jumapili imeingia. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Ninyi watoto wa shule ndio mnaoianza siku katikati ya giza, sijui mlifundishwa na nani. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu, bibi," alisema Tupokigwe.

Lakini kitu kilikuwepo, na wasichana wote wawili walikijua. Mwaka ule, Jumapili ilikuwa tarehe mosi Januari. Jumamosi ilikuwa tarehe thelathini na moja Desemba. Baba yake alirudi safari Jumatano akamkuta mkewe hospitali na homa kali, na bibi alipomwambia kwamba mtoto amezaliwa usiku wa Jumapili, yeye mtu wa bara alielewa Jumapili usiku. Kisha msiba ukaingia. Katika msiba, nani angeuliza saa?

Njiani, barua ikiwa ndani ya daftari, Nawal alikuwa wa kwanza kusema.

"Barua haijadanganya. Bibi kasema usiku wa Jumapili, mie nimeandika usiku wa Jumapili. Karani ataelewa atakavyoelewa."

"Ataelewa tarehe moja."

"Si aelewe. Ni saa ngapi hizo, Tupo? Saa tano, sita tu. Bila wewe nani atafunga? Mie?" Nawal alijaribu kucheka. "Mie pete na mpira wangu havijawahi kukutana."

Tupokigwe aliongeza mwendo. Ule mpira alikuwa akiupiga kila jioni tangu akiwa na miaka minane, kwanza kwenye tairi ambalo baba yake alilitundika ukutani. Na sasa kilichobaki kumfikisha kwenye mashindano ni karatasi isiyo na uongo hata neno moja.

Baada ya chakula, baba na binti waliinama kusali kama desturi yao. Walisali pamoja kwa sauti, na walipofika mahali pa kuomba wasitiwe majaribuni, sauti ya Tupokigwe ilikatika. Baba yake alimalizia peke yake. Alimwekea tu mkono kichwani, mkono wenye harufu ya mninga, akamtakia usiku mwema.

Asubuhi, kabla ya shule, Tupokigwe alipitia kibandani. Baba yake alikuwa anapiga randa.

"Baba, mie si mtoto wa mwaka mpya."

Randa ikasimama. Akamweleza yote: adhana, mkeka, nyimbo, masufuria, na mama aliyecheka. Alipofika hapo Mzee Ansbert akakaa juu ya ubao aliokuwa akiuranda, akafunika macho kwa kiganja. Pikipiki zilikuwa zikienda na kurudi barabarani.

"Alicheka?" aliuliza hatimaye.

"Bibi anasema mpaka akashika tumbo."

"Miaka yote hii nilifikiri aliteseka usiku kucha bila mimi." Alijifuta uso. "Mwaka mpya ulipoingia, kumbe alikuwa amekupakata."

Tupokigwe akaitoa barua. Akamwambia baba yake kwamba wakiipeleka ilivyo, karani ataandika tarehe moja, naye atacheza. Mzee Ansbert aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, kwa kuwa kusoma alijifunza ukubwani.

"Mlango ukizidi fremu kwa inchi moja, haufungi," alisema. "Fundi mwongo huipinda futi ya kupimia. Lakini uamuzi si wangu peke yangu. Wewe unasemaje?"

"Turudi kwa bibi aongeze saa," alisema Tupokigwe. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alisema.

Safari hii Mzee Ansbert alikwenda mwenyewe. Alikaa barazani kwa Bibi Bahiya hadi adhuhuri, akisimuliwa, na aliporudi barua ilikuwa na mstari mmoja zaidi: Jumamosi, baada ya magharibi, kabla mwaka haujaingia. Cheti kilitoka na tarehe 31 Desemba 2011, na kadi ya zamani ikasahihishwa. Mwalimu Gladness alikisoma, akakirudia, akaugeuza mpira mikononi kwa muda. Kisha akalikata jina la Tupokigwe kwenye orodha ya wadogo, akaliandika mwisho kabisa wa orodha ya timu ya wakubwa ya shule. Huko alikuwa mdogo kuliko wote, na kazi yake ikawa kukaa akiba.

Mashindano yalikuwa magumu kuyatazama. Timu ya Nawal ilifika nusu fainali, ikafungwa kwa goli moja. Nawal alipita mbele ya Tupokigwe bila kumtazama, na siku tatu hakumsemesha. Siku ya nne alikuja na mpira kwapani.

"Waliotufunga wamenyang'anywa ushindi," alisema. "Wawili wao walikuwa na vyeti vya kupika. Mwalimu kasema ungecheza nasi kwa tarehe ile ya zamani, na sie tungekuwa tunatembea tumeinamisha vichwa." Akamtupia mpira. "Nifundishe kufunga. Mwakani mie na wewe wote tutakuwa kwa wakubwa."

Tarehe thelathini na moja Desemba, kwa mara ya kwanza, pilau ilipikwa siku moja mapema. Bibi Bahiya aliletwa akishikwa mkono na Nawal, na sahani ya visheti imefunikwa kwa kitambaa. Walikaa nje, mbele ya mlango ambao Mzee Ansbert aliutengeneza mwaka aliooa. Jua lilikuwa linashuka. Mzee Ansbert aliomba baraka ya chakula, kisha akamgeukia binti yake.

"Tupokigwe, neno linaweza kuwa la kweli mdomoni likawa la uongo masikioni. Anayenyamaza akijua limepotoka njiani, amedanganya sawa na aliyelitunga. Wewe ulilifuata neno la bibi yako mpaka likafika lilivyotoka. Ulipoteza siku moja, nami nikarudishiwa usiku mzima wa mama yako. Mshukuru Mungu, na usije ukabadilika."

Bibi Bahiya alitikisa kichwa kuafiki, akainua mkono kuwaomba wanyamaze. Adhana ya magharibi ilikuwa imeanza. Wakasikiliza wote, mpaka ikaisha.

"Saa yake ndiyo hii," alisema bibi.

Nawal akamtazama rafiki yake, akaweka mikono kiunoni kama uwanjani.

"Tupo?" aliuliza.

Tupokigwe aliutazama ule mlango, akamtazama baba yake aliyekuwa akipakua ukoko wa pilau, akaitika, "Tupo."