Picha Sita za Mguu wa Amida

Mwaka wa 1998, Salim na mkewe Nadira waliishi Ngoingwa, Thika. Salim alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda. Nadira aliuza mboga karibu na nyumbani. Binti yao, Amida, alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwezi wa pili, mguu wa kulia wa Amida ulivimba chini ya goti. Alianza kuchechemea, kisha akashindwa kwenda shule. Walimpeleka hospitali Nairobi, akapigwa eksirei mara sita. Daktari aliwaita wazazi peke yao.

"Naogopa hii ni saratani ya mfupa," alisema. "Kama ni hivyo, itabidi tuukate mguu. Nimeweka Ijumaa ya wiki ijayo. Mkipata daktari mwingine wa kuzitazama picha hizi, mimi pia nitafurahi kumsikia."

Nyumbani, Amida alimuuliza mama yake, "Mguu wakiukata, wanaupeleka wapi?"

Nadira aliacha kuchambua sukuma wiki. "Sijui, mwanangu," alisema.

Mdogo wake Salim, Fahim, alifanya kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja Uingereza. Bingwa wa mifupa wa hapo alikubali kusaidia. Yeye na wenzake walikutana kila Jumatano kujadili picha za wagonjwa, saa nane mchana kwa saa za Kenya.

Fahim alipiga simu. "Posta itachukua wiki mbili. Tuma kwa imeli. Hapa tuna intaneti ya waya wa kioo, unapitisha mega mia moja hamsini na tano kwa sekunde! Kabla hujafumba macho zitakuwa zimefika."

Jumanne Salim alizipeleka picha kwa ofisi ya kompyuta mjini Thika. Aoko, dada aliyefanya kazi pale, aliziingiza kwenye kompyuta. Jumatano Salim aliomba ruhusa kazini, akafika saa nane kasorobo.

"Mbona umechelewa hivi, Baba Amida?" Aoko aliuliza. "Picha zote ni mega kumi na mbili."

"Waya wa kule ni mega mia moja hamsini na tano. Hata sekunde haitaisha."

Aoko alitaka kusema kitu, lakini saa ilikuwa inakimbia. Aliziweka picha zote sita katika imeli moja. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ikalia, laini ikashika. Mstari mdogo wa bluu ulianza kusogea kwenye kioo cha kompyuta. Ulisogea polepole sana. Saa nane ikafika, ikapita. Saa nane na dakika kumi, laini ilikatika. Hakuna hata picha moja iliyofika.

Salim alikaa akashika kichwa. "Sasa nitamwambia nini mama yake?"

"Pole sana," Aoko alisema. "Kosa ni langu pia. Ilifaa nikueleze jana. Wana kikao kingine kabla ya Ijumaa hiyo?"

"Jumatano. Siku mbili tu kabla ya kukata."

"Basi njoo tupige hesabu."

Aoko alichukua karatasi. "Kuna biti na kuna baiti. Biti nane zinafanya baiti moja. Watu wa simu wakitaja kasi ya waya, wanahesabu biti. Uzito wa picha unahesabiwa kwa baiti. Kwa hivyo ukisikia kasi, igawanye kwa nane kwanza. Mia moja hamsini na tano ukigawa kwa nane?"

Salim aliandika pole pole. "Kama kumi na tisa hivi."

"Sawa. Hiyo ni megabaiti kumi na tisa kwa sekunde, na wanagawana hospitali nzima. Lakini huo ni waya wao. Picha zinaanzia hapa, kwa waya wa simu na modemu yangu. Modemu yangu imeandikwa biti elfu ishirini na nane na mia nane kwa sekunde. Gawanya."

"Elfu tatu na mia sita."

"Baiti elfu tatu na mia sita. Laini zetu ni mbovu, tuseme elfu tatu. Picha moja ni baiti milioni mbili. Hiyo ni dakika kumi na moja. Zote sita, zaidi ya saa nzima. Na laini ikikatika, unaanza upya."

Salim alifuata hesabu ile kwa kidole. "Kwa hivyo waya wao ukiwa na kasi, haitusaidii."

"Haitusaidii. Safari inakwenda kwa kasi ya mahali palipo polepole zaidi."

"Tufanye nini?"

"Tupunguze uzito. Nitaziingiza tena bila rangi, na sehemu ya mfupa tu. Kila moja itakuwa nusu mega, dakika tatu hivi. Tutatuma moja moja. Na tusingoje Jumatano. Njoo Jumatatu saa moja asubuhi, kabla watu hawajaanza kupiga simu."

Jumatatu Salim na Nadira walikuja pamoja. Laini ilikatika mara moja, kwenye picha ya nne. Aoko aliirudia hiyo moja tu. Saa mbili kasorobo Fahim, aliyekuwa zamu ya usiku, alijibu: "Zote sita zimefika. Zinaonekana vizuri."

Jumatano jioni jibu la bingwa lilifika. Aoko alilichapa, na Salim akalipeleka Nairobi kesho yake. Liliandikwa hivi: msikate bado. Hii inafanana zaidi na usaha ndani ya mfupa. Toeni kipande kidogo, mkipime kwanza.

Daktari wa Nairobi alilisoma mara mbili. Ijumaa hiyo alitoa kipande kidogo tu. Majibu yalichukua siku tisa. Haikuwa saratani.

Amida alifanyiwa upasuaji wa kusafisha mfupa, akameza dawa miezi mingi. Goti halikunyooka kabisa tena. Lakini mwezi wa tisa alipanda mwenyewe ngazi za ofisi ya kompyuta, akishika ukuta, mama yake nyuma yake bila kumgusa. Aoko alisikia hatua hizo nzito. Alisimama, akazingoja hadi zikafika mlangoni.