Kabati Tuliloita Enfer

Tukiwa kwenye bia, huwa nasema jambo hili lilimpata jirani yangu Célestin. Célestin mwenyewe amezoea. Anatikisa kichwa na kuagiza chupa nyingine. Lakini leo naandika, na kwenye karatasi naona haya kumsingizia mtu mzima. Ni mimi, Germain. Nimelala Kigoma, Bujumbura, Mpulungu na Lubumbashi. Nimeuza betri, nimepiga picha za paspoti, nimefukuzwa kwenye kwaya mbili. Mwisho wa safari hizo zote, masista wa lise moja, shule ya sekondari hapa Kalemie, wakanipa ufunguo wa biblioteki yao, yaani maktaba. Wanafunzi wakaniita Papa Biblio. Tumbo la cheo hicho nilikuwa nalo tayari.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, mvua imekatika, wenye taksi-moto, pikipiki za abiria, wanayatukana matope nje ya ukuta. Nilikuwa nabandika mifuko ya fishi. Kila kitabu chetu nyuma kina mfuko mdogo, na ndani yake fishi, kipande cha karatasi ngumu chenye safu mbili: kushoto jina la mwanafunzi, kulia mahali kitabu kilipo. "Nyumbani." "Darasani." Na kwa vitabu vya kabati la chuma, neno moja tu: "Enfer."

Ndiyo Jehanamu kwa Kifaransa. Mapadri wa zamani walilipa jina hilo kabati la vitabu visivyofaa watoto, nasi tukarithi kabati pamoja na jina lake. Kitabu kikinitia wasiwasi, busu refu kupita kiasi au picha isiyo na nguo, nilikifungia humo. Na desturi ilikuwa hii: mtoto wa mwisho kukiomba aandikwe kwenye fishi, ili Sista Christiane, mkuu wa shule, ajue nani wa kuchungwa. Mimi mwenyewe sikukosekana. Kulikuwa na riwaya ya mapenzi niliyomnyang'anya msichana mmoja. Nilishaibeba nyumbani mara nne, eti kuikagua. Kwa uaminifu wangu wote nikajiandika: Germain — Enfer. Nikacheka peke yangu.

Jumanne hiyo akaingia Evodie Kapinga, wa mwaka wa nne.

"Papa Biblio, natafuta kile kitabu cha afya. Chenye vipimo vya maji ya chumvi na sukari."

"Njo kile chenye watu wasiovaa?" Njo yetu ni ndiyo yenu.

"Papa, miye sitaki watu. Nataka ukurasa wa maji. Kwetu kwenye avenue, mtaani, watu wanaharisha."

"Lete kwanza karatasi ya Sista. Nikikupa hivi-hivi, kesho lise nzima itataka kuharisha."

Nilijiona mchekeshaji. Evodie hakucheka. Sista alikuwa amepanda Kirungu, misheni ya mlimani, kwa wiki nzima, na mimi nilijua. Msichana alipotoka nilikitoa kitabu rafuni, nikakitia kabatini, nikaandika kwenye fishi: Evodie Kapinga — Enfer. Nikafunga.

Jumamosi kipindupindu kilimchukua.

Sijui kama kitabu kile kingemwokoa. Nimejiambia maneno hayo mara nyingi mpaka yamechakaa kama kola ya shati.

Wiki mbili baadaye, mchana, mama yake akasimama mlangoni. Mama Alphonsine anauza ndakala, dagaa wa ziwani, sokoni. Harufu ya ziwa iliingia kabla yake. Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Njo weye Papa Biblio?"

"Njo mimi, Mama. Pole sana."

"Evodie ananikujia mu ndoto kila siku." Alishusha sauti. "Anasema kuko moto. Anasema kunanuka karatasi. Anasema, mama, mwambie Papa Biblio anitoshe."

Kigoma wangelicheka neno hilo. Kwao kutosha ni kuenea, chakula kutosha watu. Kwetu kutosha ni kutoa. Anitoe.

"Papa, mutoto wangu umutoshe wapi?"

Niliangalia viatu vyangu. "Ni huzuni, Mama. Ndoto za msiba ziko hivyo."

Akageuka aende zake. Mlangoni akasimama, bila kuniangalia.

"Na anasema hayuko peke yake. Anasema batoto wako wengi mule."

Nilikaa. Nikaiwaza ile fishi. Neno la kulia lilikuwa la kitabu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, hivyo ndivyo nilivyoandika miaka sita. Lakini hakuna aliyeandika kitabu kwenye mstari ule. Mstari unasomwa toka kushoto kwenda kulia. Evodie Kapinga, Enfer. Nilikuwa nimempeleka kwa mkono wangu, kwa wino wa bluu.

Saa saba watoto walikuwa wameenda. Jua kali, mlango nimeufunga kwa ndani, kuku wa masista wanapiga kelele uani. Nikalisogelea kabati.

Kulibishwa hodi.

Mara tatu, polepole, kama mwanafunzi mwenye adabu kwenye mlango wa biro ya Sista. Kutoka ndani ya kabati.

"Ingia," nikasema, kwa mazoea. Nimesema ujinga mwingi katika nchi nne, lakini huo ndio wa kwanza kwenye orodha.

Halafu mnong'ono, usawa wa kifua changu.

"Papa. Unitoshe."

Ufunguo ulikuwa wa moto. Niliushika kwa kona ya shati. Nikageuza. Joto likanipiga usoni kama tanuru la mikate. Vitabu vimepangwa vilevile. Hakuna kilichoungua. Kile cha afya tu kilikuwa wazi, kwenye ukurasa wa maji, na pembeni ya vipimo kulikuwa na alama ya kidole kilicholowa.

Nikaitoa fishi. Nikalikata neno Enfer kwa kalamu. Nikaandika: Ametoka. Nikaongeza: Nisamehe.

Joto likakatika. Ghafla. Kitambaa chepesi kikanigusa goti, kama sketi ya mtu anayepita kwa haraka. Nilinusa sabuni. Nyuma yangu mlango niliokuwa nimeufunga ukafunguka, ukarudishwa taratibu, kama ambavyo huwa nawasihi watoto waurudishe na hawasikii.

Ndipo nikawakumbuka wengine. Kabati lilikuwa na vitabu arobaini na viwili, kila kimoja na jina lake. Nikachomoa fishi ya kwanza ili niikate. Ilikuwa imeshakatwa. Kando yake: Ametoka. Ile t yenye mstari unaopanda juu, niliyoizoea kwenye daftari la kuazima. Mwandiko wa Evodie. Ya pili hivyo. Ya kumi hivyo. Wino ulinipaka vidole. Alikuwa amewatosha wenzake mmoja mmoja, mule ndani, huku akimngoja mtu wa kumtosha yeye.

Aliacha moja tu. Riwaya ya mapenzi. Germain — Enfer.

Kesho yake nikaenda sokoni, nikamwambia Mama Alphonsine makosa yangu yote, mbele ya ndakala na wanunuzi: utani wangu, Kirungu, fishi, uongo wangu. Alisikiliza huku akipanga samaki.

"Jana sikuota kitu," alisema. Kisha: "Kile kitabu kiko wapi sasa?"

"Juu ya meza, Mama, karibu na mlango. Anayetaka anasoma. Hakuna karatasi ya Sista."

Akaitika kwa kichwa. Kusamehe hakusema, nami sikuthubutu kuomba.

Nimejaribu kuukata mstari wangu. Kalamu inaandika kwenye mkono, kwenye meza, kwenye fishi nyingine zote. Pale haitoi wino. Sista Christiane alijaribu na ya kwake. Akaitazama ncha, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba na kwenda zake.

Kwenye bia huwa nacheka nayo. Ila joto na harufu ile ya karatasi huwa naviruka. Hilo sijamsimulia mtu yeyote, hata Célestin.

Leo asubuhi Célestin amekuja mpaka uani kwangu. Nimemkaribisha, hakutaka kuingia.

"Germain, nimekuota," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unaniomba nikutoshe mahali. Kulikuwa kunanuka karatasi."

Alinyoosha mkono anisalimie. Viganja vikagusana, akauvuta wake haraka, na mpaka sasa, saa saba inakaribia, yuko pale kisimani anaupoza kwenye ndoo.