Maji Yaliyolala

Neno la kwanza kupotea lilikuwa kijiko.

"Bibi, nipe ile... ile ya kukorogea," alisema mtoto, chai ikipoa mbele yake. Alikuwa na miaka saba na ulimi mwepesi kama cherehani. Bibi alicheka, akampa. "Leo umeamka, ulimi umeuacha kitandani."

Kesho yake kabla ya mapambazuko Bibi alifungua koki ya jikoni. Bomba lilikohoa, kama lilivyozoea kukohoa miaka yote, likavuta pumzi ndefu ukutani, na kabla tone la kwanza halijaanguka likasema, kwa sauti ndogo isiyo na haraka: kijiko.

Bibi alisimama na sufuria mkononi. Kisha maji yakaja, meupe na baridi, na yeye akajiambia kwamba masikio ya mtu mzima nayo huzeeka.

Nyumba ilikuwa kuukuu, ya kuta nene, aliyoingia akiwa bibi harusi miaka arobaini na tano iliyopita. Sasa waliishi watatu tu. Mjukuu aliletwa miezi minane nyuma, mama yake, binti wa Bibi, alipopata kazi mji mwingine. Chumba cha uani alikaa mwanawe wa mwisho, mwanamume wa miaka thelathini na minane aliyepakua magunia ghalani, asiyesema sana, ambaye mtaa mzima ulimwita Goigoi. Jina hilo alilitunga mama yake mwenyewe, kwa uchungu, mtoto alipokuwa darasa la tatu. Likanata.

Kwa mjukuu Bibi aliapa kutokosea. Aliamka kabla ya kila mtu ili amkingie maji yaliyolala bombani usiku kucha, kwa maana maji hayo, aliamini, yametulia, yamepoa, na yana kautamu fulani ambako hupotea koki ikishachezewachezewa. Aliyachemsha mara mbili. Yaliyobaki ya mchana walikunywa wakubwa. Kama kuna mapenzi yanayoweza kupimwa kwa sufuria, hayo ndiyo yalikuwa ya Bibi.

Neno la pili lilikuwa kiatu. Kisha jina la mwalimu wake. Kisha tano, akawa anahesabu moja, mbili, tatu, nne, anasita kama mtu aliyefika kwenye daraja lililobomoka, halafu sita. Mtoto alipungua, akashika tumbo, akawa mkali bila sababu. Na kila lilipopotea neno, alfajiri iliyofuata koki ililitamka, kwa sauti ya mtoto mwenyewe, na jikoni pakanuka harufu ya sarafu iliyoloa.

Wiki ya nne mama yake alipiga simu. "Sema mama, mwanangu. Mama anataka kukusikia." Mtoto alishika simu, akamtazama Bibi kwa macho ya mgeni anayeuliza njia. Midomo ilifunguka. Hakikutoka kitu.

Alfajiri iliyofuata Bibi hakutaka kufungua koki, lakini mkono uliozoea kazi hausubiri ruhusa ya moyo, na alipoizungusha bomba lilivuta pumzi kutoka mbali, kutoka chini ya sakafu, kutoka chini ya barabara pengine, pumzi iliyopanda ukutani pole kama mtu apandaye ngazi na mzigo, ikafika mdomoni mwa koki ikasema mama, ikasema tena mama, ikasema Bibi, nipe, nipe tena, na yeye akaubana mdomo wa koki kwa kiganja ili isiendelee, na hapo, katikati ya baridi ya chuma, akahisi kitu kidogo, chenye joto, kikimlamba.

Sufuria ilianguka. Goigoi akatokea mlangoni.

"Mama, umelisikia?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Nimesikia nini?"

"Bomba. Nilipokuwa mdogo lilikuwa linasema sana. Nilikwambia. Ukanichapa, ukasema ni uongo."

Bibi akatuma aitwe fundi.

Fundi bomba alikuwa mwanamke mfupi, mpana, aliyejulikana kama Mama Spana. Alivua viatu mlangoni na kuingia na mfuko wa vyuma begani.

"Mnasema linasema?" alitania. "Bomba lenye mlio ni hewa. Lenye maneno ni jirani."

Hakuna aliyecheka. Akainama chini ya sinki, pale bomba lilipochomoza sakafuni. Lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi, na kila penye kiungo lilivimba kama nyoka aliyemeza yai. Aligusa kwa sumaku, sumaku haikushika. Alikwangua kwa ncha ya ufunguo, na chuma kikakubali kama sabuni. Chini ya rangi pakang'aa weupe wa magamba ya samaki.

Utani ukamtoka usoni. "Madini ya risasi," alisema. "Sumu ile ile wanayoyeyusha kutengeneza chubwi, vile vizito vya kuvulia. Zamani ndiyo waliyotandika chini ya nyumba. Bibi, maji ya kwanza ya asubuhi anakunywa nani?"

"Mtoto," alisema Bibi, na katika sauti yake bado kulikuwa na fahari. "Nayachemsha mara mbili."

Mama Spana aliweka ufunguo chini. Hakuwa mtu wa kumhukumu mwenzake kwa jambo ambalo hakuambiwa na yeyote. "Moto unaua vijidudu, mama yangu. Huyu hafi. Maji yanapungua, yeye anabaki. Na yaliyolala naye usiku kucha ndiyo amekwisha kuyaonja yote."

"Huyu nani?"

Fundi aligonga bomba mara tatu kwa kitako cha spana, kama alivyofundishwa na aliyemfundisha kazi. "Hodi."

"Karibu," lilijibu bomba, kwa sauti ya mtoto. Na mtoto alikuwa chumbani, amelala.

"Basi yupo," alinong'ona Mama Spana. "Akiitika hukati bomba. Tunayatoa kwanza maji aliyolalia. Fungueni koki zote, na mtu asinywe."

Walifungua. Maji yakakimbia, na katika kukimbia kwake yakaanza kutapika maneno, kiatu, tano, mama, kijiko, moja juu ya jingine kama watoto wanaotoka darasani, na yalipokwisha hayo ya juu yakaja mengine ya chini, mazito, yaliyokaa muda mrefu, majina ya marafiki waliokwisha kuwa watu wazima, majina ya miezi, herufi, na mwisho sauti ya mvulana anayekariri huku akilia: saba mara nane, saba mara nane, saba mara nane.

Bibi alishika ukingo wa sinki. Aliijua hesabu ile. Aliijua kwa mkono wa kulia, kwa kuwa kwa kila jibu lililokosekana mkono huo ulishusha kiboko, jioni baada ya jioni, hapa hapa jikoni, akimwambia kijana atazame dada yake aliyelelewa kwa shangazi, mbona yeye ana akili. Na baada ya kiboko, kwa huruma, alimpa kikombe cha maji.

"Huyo ni mimi," alisema Goigoi taratibu.

Bomba lilinyamaza. Fundi akagonga, akapiga hodi, hakuitikiwa. Akafunga maji kwenye mita, akakata. Siku mbili alichimba hadi barabarani, asiache hata kipande, akatandika mabomba mapya ya plastiki.

"Yatarudi?" Bibi aliuliza, akimsindikiza. "Maneno?"

"Ya mtoto, huenda. Miezi minane si mingi. Mpelekeni hospitali." Akatazama uani. "Ila mjue, kwa huyu aliyeitika, bomba ni njia tu. Nyumba yake ni mfupa."

Hospitali walipima damu, wakasema karibu hivyo hivyo kwa lugha yao: risasi ya damuni itashuka, ya mifupani hukaa. Mtoto alianza kupata nafuu. Siku moja akaomba kijiko, akiling'ang'ania neno kwa meno kama mtu aliyeokota kitu chake.

Jioni ile Bibi alikwenda uani. Mwanawe alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa chai, amempa mgongo. Alitaka kuomba msamaha, na aliona haiwezekani kumwomba kwa jina la Goigoi. Basi akamwita kwa jina alilopewa siku aliyozaliwa, ambalo kinywa chake hakikuwa kimelitaja miaka thelathini.

Hakugeuka. Aliita tena, karibu zaidi. Mwanamume aliendelea kunywa, shingo imetulia, kama anayesikia jirani akiitana na mtu mwingine.

"Naam, mama," iliitika sauti ya mvulana wa miaka minane, kutoka mahali fulani chini ya mbavu za mwanawe, na kikombe kilikuwa bado mdomoni mwake.