Kiti Kinapokukimbia

Idd pili, Mnazi Mmoja pamefurika. Kijakazi, muuza kanga wa Mtaa wa Kongo, dera la zambarau na hina mpaka viwikoni, alishuka kwenye bembea ya mashine kashika tumbo.

"Mashine yenu imeniiba utumbo!" alimfokea fundi.

Fundi, Onesphory, kijana wa Kichaga, akacheka. "Utumbo upo, dada. Uzito tunaousikia ni kiti kinavyotusukuma. Kikianza kushuka kinakukimbia, unajiona mwepesi. Kule chini kinakusukuma zaidi, unajiona gunia la mchele."

"Mimi gunia?"

"La mchele wa Kyela, basi. Linanukia."

Ee, maneno hayo! Mtoto wa watu akaisha. Simu zikawa asubuhi na jioni: "Umekula, mpenzi?" "Sijala, nakungoja unilishe." Dini haikuwa moja, wakakubaliana ndoa ya bomani. Bi Swaumu, mama yake Kijakazi, alinuna weee, mwisho akakubali kupokea posa.

Jumapili ya posa pilau likaiva, mashangazi wakajipamba, wageni hawakutokea. Jioni Onesphory ndipo akapiga simu: baba yake mdogo kafariki, wazee wamekimbilia Marangu, naye kwa kuchanganyikiwa hakutoa taarifa. Bi Swaumu hakutaka kusikia. Wiki iliyofuata kijana akaleta mlangoni jani refu la kijani, limepigwa fundo.

"Fundo! Anamfunga mwanangu!" Bi Swaumu akalitia kwenye jiko la mkaa mbele ya macho ya kijana, kabla hajaeleza. Kijakazi naye, kwa hofu, akamwambia, "Usinipigie tena."

Hakupiga. Kijakazi akakonda, kanga anazikunja na kuzikunjua bila sababu. Mektilda, Mchaga jirani yake wa duka, alimbana mpaka akasimulia.

"Mama yangu! Hilo ni isale. Kwetu ndiyo kuomba msamaha, hata aliyeuliwa mtu wake halikatai. Nyie mmelichoma?"

Kijakazi alikimbia mpaka kwenye jengo ambamo mama yake Onesphory anauza vitenge vya jumla, ghorofa ya sita. Lifti ilipoanza kupanda sakafu ikamsukuma, magoti yakamlemea. Ilipokaribia kusimama akajiona mwepesi, akashika ukuta. Alijua ni sakafu tu, lakini machozi yalimtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nakujua kwa picha. Lile jani nililifunga mwenyewe."

"Tulidhani uchawi, mama. Nisameheni."

Mama akamtazama sana, kisha akampigia mwanawe na kumpa Kijakazi simu.

"Onesphory, ni mimi."

"Mama yako anajua uko hapo?"

"Hajui."

"Kamwambie. Nilikuja kwenu kwa heshima nikachomwa, sirudi kwa mlango wa uani."

"Akinifukuza?"

"Hata mimi naogopa hilo, kipenzi."

Alilia njia nzima mpaka nyumbani Ilala. Bi Swaumu alikuwa anapepeta mchele.

"Mama, Onesphory alikuja kutuomba msamaha. Lile jani ndiyo desturi yao. Nami namtaka, hata ukikasirika."

Ungo ukawekwa chini. Uso wa Bi Swaumu ulimshuka.

"Kumbe kijana wa watu alikuwa anaomba radhi," alisema. "Mwambie waje Jumapili. Ila wakichelewa tena, watakula kiporo."