Kiti cha Sitwaye Kalenga

Vikaratasi vilikuwa vinne, na wachezaji walikuwa watatu.

Muamba alivihesabu tena kwa ncha ya penseli. Chake. Cha Omari. Cha Mwenze. Na kimoja, kilichokunjwa vizuri kuliko vyote, mbele ya kiti kitupu. Ilikuwa Jumamosi saa kumi alasiri, katika chumba cha nyuma cha serkle, klabu ya wafanyakazi wa mgodi, pale mtaa wa Manika, na jua la magharibi lilikuwa limelala juu ya meza.

"Nani ameandika mara mbili?"

"Usiniangalie mi," Omari akasema. "Hata kile kimoja kimenitoa jasho."

Mchezo huo waliachiwa na mhandisi Mbelgiji aliyeondoka mwaka uliopita, mwaka ambao maduka ya wageni yalipewa wenyewe wapya kwa amri ya serikali, baada ya watu kubadilishwa majina. Ulikuwa mchezo wa vita vya angani vya zamani, enzi za ndege za mbao na kitambaa: ramani ya kadibodi, vindege juu ya vijiti vya waya, dadu mbili. Kila mtu anaandika kwa siri mwendo wa ndege yake, vikaratasi vinafunguliwa pamoja, na anayejikuta mbele ya bunduki ya mwenzake anaachiwa dadu zimhukumu.

Kijitabu cha sheria kilieleza kwamba zamani hizo mafundi fulani walijaribu kuvika ndege ngozi ya selulodi, angavu kama kioo, ili adui akitazama juu aone anga tupu. Jua liliziumbua kwa kuzing'arisha. Mvua ililegeza ngozi hizo. Kwa hiyo ndege ya namna hiyo haikai mezani. Mwenyewe anaandika tu mahali ilipo.

Katika sanduku la mchezo ndege hiyo haikuwamo. Muamba, mchoraji katika ofisi ya michoro ya mgodi, mtu asiyelala akijua kuna pengo mahali, aliichonga mwenyewe kutoka ekeri ya selulodi iliyopasuka, ile rula ya pembetatu, akaiweka kwenye kisanduku chake cha kalamu.

Kisha likaja suala la fomu. Mwenze, ambaye zaidi ya kucheza alikuwa katibu wa serkle, alitakiwa na serikali kuorodhesha wanachama wa meza hiyo.

"Meza ina viti vine, fomu ina mistari mine," alisema. "Kiti kitupu ni swali, sitwaye, na kule juu habapendi maswali." Sitwaye, raia, ndivyo serikali ilivyoagiza watu waitane badala ya bwana.

"Basi andika Kalenga," Muamba akasema, kwa utani, kwa kuwa hakumjua Kalenga yeyote.

Kadi ya Kalenga ilirudi baada ya wiki mbili, kasi iliyomtisha hata Mwenze. Ilikuwa na namba, sahihi na muhuri. Pale pa picha palikuwa peupe. Walicheka, wakaiegemeza kwenye kiti cha nne.

Sasa Mwenze alikifungua kile kikaratasi. Mwandiko ulikuwa safi, kwa wino wa zambarau, ule wa mihuri: *Nyuma ya Omari. Napiga.*

Dadu zilikuwa zimeshalala. Sita na sita: ndege ya Omari imepigwa. Hakuna aliyekumbuka kuzirusha.

"Munasikia ile arufu?" Omari akauliza, sauti chini.

"Ni selulodi. Banaitengeneza na kafuri."

"Kwetu kafuri ni ya kuoshea maiti, tata Muamba," Omari akasema, na "tata", baba, alilitumia kwa heshima tu.

Jumatatu, Omari, aliyekuwa dereva, alipeleka lori lake mji wa Kasaji, na askari wa kizuizini hawakumwomba hata karatasi moja. Alifurahi, jambo hilo halijawahi kumpata mtu yeyote katika Zaire nzima. Alhamisi aliingia ofisi ya michoro, na ilibidi amshike Muamba mkono ndipo Muamba ajue kuna mtu.

"Bibi yangu hanioni," alinong'ona, akimsema mkewe. "Saa ya chakula anapakulia batoto, anajipakulia, anafunika chungu. Mi niko pale kama kiti. Jana amekunja nguo zangu zote, ameuliza jirani nani anataka nguo za mwanaume. Ni wewe ulitaja lile jina, ndugu. Uniondolee huyu mutu."

Muamba alitaka kujibu, lakini alijikuta akitazama ukuta nyuma ya Omari, na kuuona wote.

Wote watatu walimwendea mwalimu Bilali wa chuo cha Kurani, mzee wa watu wa Kasongo, aliyekuwa na sifa ya kutoa majini hata kwenye mabohari. Aliigeuza ile kadi mara mbili.

"Mi natoa bale baliingia bila kubisha," alisema. "Huyu ana muhuri. Naweza kumulegeza, basi. Na akianguka, hii kadi haitakaa bure, itatafuta mutu."

"Tuichome," Muamba akasema.

"Kuchoma muhuri wa serikali ni miezi sita," Mwenze akasema. "Kumufuta mwanachama inaomba barua yake mwenyewe, nakala tatu, ao cheti cha kifo."

Muamba aliichukua ile kadi, akairudisha kwenye kiti chake.

Jumamosi, saa kumi, katika kile chumba cha nyuma, mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, akanyunyiza maji yale juu ya meza. Na matone hayakuanguka. Yalining'inia hewani, moja baada ya jingine, yakichora bawa, kisha bawa la pili, na mvumo mwembamba kama wa mbu ndani ya chupa ukaanza kuzunguka vichwani mwao, na harufu ya kafuri ikawajaa kooni, na mwalimu aliponyunyiza tena matone yalishuka taratibu upande wa kiti cha nne, yakiteremka juu ya kitu chenye bega, juu ya kitu chenye shingo, juu ya mtu aliyeinama mezani kama karani anayemaliza barua, na mkono wake wa matone ulikuwa tayari unaandika.

Muamba alikumbuka sheria ya mwisho ya kijitabu: ndege mbili zikigongana uso kwa uso zinaanguka zote, bila dadu. Alimtazama Omari, au mahali Omari alipopaswa kuwa. Akaandika, akielekea kiti cha nne: *Mbele. Moja kwa moja.*

Vikaratasi vikafunguliwa. Ndege ya Muamba ikavunjika kijiti. Ndani ya kisanduku cha kalamu ile ndege ya selulodi ikapasuka, na matone yote yakaanguka kwa pamoja mezani.

"Ah, Omari!" Mwenze akapiga kelele. "Ulikuwa wapi wiki nzima?"

Omari alilia kama mtoto. Kisha alimgeukia Muamba, akamshika mikono yote miwili. "Aksanti sana, tata..." akasema, na akasita, kama mtu anayetafuta jina.

Muamba alirudi nyumbani mbio. Mkewe, Godelieve, alikuwa mlangoni akichambua matembele. Alimwona, alimwona vizuri kabisa, hata akasimama na kujifuta mikono kwenye kitenge.

"Karibu, tata Kalenga," alisema, kwa ile adabu anayowawekea wageni. "Muamba hajarudi bado."

Muamba alitoa kitambulisho chake mfukoni. Kilichotoka ni ile kadi ya Kalenga, na pale palipokuwa peupe palikuwa na picha, gundi yake mbichi, ikinuka kafuri. Alijua ile sura. Alikuwa ameinyoa asubuhi.

"Utamungoja?" Godelieve akauliza, akamvutia kiti.

Akakaa. Wakamngoja Muamba pamoja, mpaka chakula kikapoa.