Sakafu Niliyoipaka Hulda Akiwa Ndani

Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu kupaka sakafu ya kanisa. Vita vya pili vilikuwa vimeanza, Waingereza wamemchukua mchungaji wetu Mjerumani, lakini mavi ya ng'ombe hayajui vita. Nikapanda na ndoo yangu jua likizama, pamoja na Hulda wangu, miaka minne.

Kanisa letu lile, njia ya Makambako, limejengwa juu ya mawe ya watu wa kale. Wajerumani waliyakuta yamepangwa, wakaona wamepata msingi wa bure.

Nilimkalisha Hulda benchi la mbele, miguu juu. Nikaanza kupaka toka madhabahuni, kinyumenyume, mpaka mlangoni. Baridi ya Njombe... vidole vilishakufa ganzi.

Nikamsikia akiitikia salamu.

"Kamwene."

Kwa adabu, kama nilivyomfundisha kwa wakubwa.

"Unamsalimia nani?"

"Babu."

"Babu gani?"

Ikanijia harufu ya udongo uliofukuliwa...

"Njoo hapa. Kanyaga tu, nitapaka tena."

Akaja. Nikainua kibatari. Nyuma yake, kwenye sakafu mbichi, kulikuwa na nyayo.

Za mtu mzima. Kubwa, vidole vimetanuka.

Za mtoto hazikuwepo.

Elieza, mpiga kengele, alikuja nilipomwita, akaziangalia.

"Ulipaka ukaishia mlangoni, mtoto yuko ndani?"

"Ulitaka nipake nikiruka?"

"Mama Hulda," akanong'ona, "ndivyo walivyomzika mtwa, chifu wa zamani, chini ya mawe haya. Kaburi walilipaka hivyohivyo. Mtoto aliachwa ndani, mzima, wa kumtumikia."

"Lete jembe."

"Utamchimba nani, na huyu umembeba?"



Jumapili, tulipoimba, chini ya benchi la mbele palikuwa panagongwa. Taratibu. Ngumi ndogo.

Wenzangu wakazidisha sauti. Mimi nilikaa tu, Hulda mapajani, mzito kuliko jana.

Siku hizi ana wajukuu. Hajawahi kuugua hata mafua. Mwezi uliopita nilipaka jiko langu, akasimama nje akingoja pakauke.

"Pita tu," nikamwambia.

Akanitazama kwa upole.

"Mama, miaka yote hii... unataka kuona nini?"