Mgomba wa Mwai

Rafiki yangu Gicheru, mkulima wa Othaya, hapendi nikisimulia haya. Kaka yake, Mwai, alikuwa mwanamaji wa jeshi kwa miaka ishirini. "Alitaka kustaafu. Ni mimi nilimwambia aongeze mwaka mmoja," Gicheru husema. Mwaka huo meli yao ikazamishwa vitani, na mwili haukupatikana. Nyumbani, kwa mila yao, wakazika shina la mgomba badala yake.

Shina likachipuka. Juzi nyasi ziliisha, Gicheru akaenda jioni kumkatia ng'ombe mgomba ule. Panga lilipoingia, akasikia maji yakivuma ndani ya shina, mle gizani.

"Mwai, nisamehe," akasema, na mvumo ukakoma.

Akaukata mgomba, akaubeba hadi zizini. Ng'ombe hakuutafuna. Aliulamba tu, polepole, vile hulamba jiwe lake la chumvi.